Nani Analipwa Kufikiri? Mhadhara Kuhusu Ufadhili wa Utafiti wa Wakimbizi



Nimeombwa nizungumzie nafasi za kimataifa za utafiti katika taaluma ya wakimbizi na uhamaji wa kulazimishwa. Nadhani wengi wenu mmekuja mkitaka kujua zinapatikanaje: matangazo yako wapi, maombi yaandikweje, nani akuandikie barua ya udhamini. Hayo nitayagusa mwishoni kwa ufupi, maana mtu anaweza kuyajifunza kwa siku moja. Kuna jambo linaloniuma zaidi, nami nitalisema wazi. Katika taaluma hii, tunaoishi karibu na wakimbizi tunalipwa kukusanya, na wanaoishi mbali nao wanalipwa kufikiri. Mgawanyo huo umejengwa na namna fedha za utafiti zinavyotolewa, na fedha hizohizo zinaweza kuubomoa.

Tuanze na fedha zenyewe. Mtu akipata nafasi ya mtafiti mgeni katika chuo cha Ulaya au Amerika ya Kaskazini, kwa kawaida hupewa tiketi, posho ya kujikimu, meza, kadi ya maktaba, anwani ya chuo inayofungua majarida ambayo huku hayafunguki bila kulipia, na miezi kadhaa ambayo hakuna anayemdai kitu ila kusoma na kuandika. Miezi hiyo ndiyo utajiri wenyewe. Mhadhiri wa kwetu mwenye darasa la wanafunzi mia tatu, rundo la mitihani ya kusahihisha na vikao visivyokwisha, haipati hata awe na akili ya namna gani. Sasa fungua bajeti ya mradi wa utafiti upande wa Kasulu hapa Tanzania, au kambi ya Kakuma nchini Kenya. Utakuta msaidizi wa utafiti, kwa siku. Mkalimani, kwa siku. Nauli ya bodaboda. Vocha ya simu. Soda na maji ya washiriki. Nimepitia bajeti nyingi za aina hii, na siku za kusoma au za kukaa na kutafakari yale ambayo watu wamesema ni adimu kuziona humo. Msaidizi akishakabidhi madodoso, kazi yake imekwisha na malipo yake yamekwisha.

Na kazi yake ni ipi hasa? Twendeni Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 mkoani Kigoma kwa ajili ya Wakongomani waliovuka Ziwa Tanganyika, wengi wao wakitoka Fizi na Uvira huko Kivu Kusini. Mfikirie msaidizi wa mfano wa wale wanaofanya kazi hii. Kwao alikuwa mwalimu. Anasema Kibembe, Kiswahili na Kifaransa, na Kiingereza amekiokota kambini. Anafika kwenye nyumba ya matofali ya udongo, anapewa kigoda kivulini. Mkononi ana dodoso lililotungwa maelfu ya kilomita kutoka hapo. Swali moja linamtaka mama mwenye nyumba aseme kipato cha kaya kwa mwezi uliopita. Msaidizi anajua kwamba swali hilo likiulizwa lilivyo, jibu litakuwa "hatuna", kwa kuwa kipato cha nyumba ile kinatokana na kuuza sehemu ya rasheni na vibarua vya shamba nje ya kambi, na yote mawili yanaweza kumtia mtu matatani. Basi anaweka karatasi pembeni, anauliza habari za watoto, kisha anasema: "Mama, mwezi uliopita unga wenu ulifika tarehe ngapi?" Mama anacheka na kuitaja tarehe. Kuanzia hapo mazungumzo yanatembea yenyewe: nani alikopesha debe, nani alikwenda kulima kwa nani, kitenge kipi kiliuzwa na kwa bei gani. Baadaye msaidizi anarudi kwenye dodoso na kuandika tarakimu.

Hapo ndipo fikra ilipofanyika. Kuligeuza swali la kipato likawa swali la unga kunahitaji mtu ajue uchumi wa kambi, sheria inayombana mkimbizi, aibu ya mwenye nyumba, na lugha inayoweza kuvipita vyote hivyo bila kumuumiza mtu. Ukiyaandika hayo vizuri, una sura nzima ya tasnifu. Lakini katika makala itakayotoka, tarakimu itaonekana kwenye jedwali, swali la unga halitaonekana popote, na aliyelitunga atashukuriwa kwa jumla pamoja na wasaidizi wengine. Mazungumzo yenyewe yalikuwa ya Kiswahili. Usiku uleule, kwa mwanga wa simu, yeye ndiye anayetafsiri kwa Kiingereza kwa sababu mwenye mradi anataka Kiingereza, na Kiswahili cha yule mama hakihifadhiwi katika maktaba yoyote, si ya huko wala ya huku. Wakimbizi wameliona hili kabla yetu. Mwaka 2010 watafiti watatu wa Australia, Eileen Pittaway, Linda Bartolomei na Richard Hugman, walichapisha makala kuhusu maadili ya utafiti, na kichwa cha makala hiyo kilibeba dai la wakimbizi waliozungumza nao: watu waache kuwaibia simulizi zao.

Taaluma hii imefikaje hapa? Tukitazama nyuma tutaona kwamba kuna mito miwili iliyotiririka kando kando.

Mto wa kwanza ni wa kuwaokoa wanazuoni waliokimbia. Mwaka 1933, serikali ya Hitler ilipowafukuza vyuoni wahadhiri Wayahudi na wapinzani wake wa siasa, William Beveridge na wenzake waliunda London baraza la kuwasaidia wanazuoni hao, ambalo hadi leo linafanya kazi kwa jina la Cara. Miongoni mwa waliosaidiwa na baraza hilo, 16 walikuja kupata Tuzo ya Nobel. Mwaka uleule daktari Philipp Schwartz, naye akiwa amefukuzwa Frankfurt, aliunda Zürich umoja wa kuwatafutia kazi wenzake, na wengi akawapeleka Uturuki, ambako Chuo Kikuu cha Istanbul kilikuwa kinafanyiwa mageuzi na kilihitaji walimu. Mwaka 2015 Taasisi ya Humboldt ya Ujerumani, kwa msaada wa Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo, ilianzisha ufadhili wa watafiti walio hatarini na kuupa jina la Schwartz. Muda si mrefu baadaye wanazuoni wa Uturuki wakawa miongoni mwa waliobisha hodi Ujerumani. Hakuna nchi iliyoandikiwa kuwa mwenyeji milele, wala iliyoandikiwa kukimbiwa milele.

Mto wa pili ni wa kuwasoma wakimbizi. Chanzo chake kikubwa ni Oxford, mwaka 1982, ambako mwanaanthropolojia wa Kimarekani Barbara Harrell-Bond alianzisha programu iliyokuja kuwa Kituo cha Masomo ya Wakimbizi. Alifanya utafiti wake mkubwa Yei, kusini mwa Sudan, kati ya Waganda waliokimbia baada ya kuanguka kwa Idi Amin, na mwaka 1986 akatoa kitabu Imposing Aid. Humo alisema jambo ambalo mashirika hayakupenda kulisikia: kwamba misaada ilikuwa inashushwa kutoka juu, kwamba waliokuwa wanaigawa waliwajibika kwa wafadhili na si kwa wakimbizi, na kwamba watu wazima wenye ujuzi na mipango yao walikuwa wanafanywa kama hawajiwezi. Mwaka 1988 likaanza jarida la taaluma hii, Journal of Refugee Studies. Harrell-Bond mwenyewe hakukaa Oxford akastarehe. Alikuja kufanya kazi Uganda, akaenda Kairo kujenga programu ya masomo haya katika Chuo Kikuu cha Marekani cha huko, na kwa miaka yake yote hadi kifo chake mwaka 2018 aliwapigania wakimbizi mmoja mmoja kwa sheria.

Namtaja kwa heshima kwa sababu tangu mwanzo alifungua mlango kwa watafiti wageni kutoka nchi zinazopokea wakimbizi. Bonaventure Rutinwa, mwanasheria wetu wa Dar es Salaam, alikuwa mtafiti katika programu ile, na mwaka 1999 alitoa andiko lililouliza kama tunashuhudia mwisho wa hifadhi barani Afrika. Andiko hilo linasomwa hadi leo. Nafasi ilitoka, mtu sahihi akaipata, na Afrika ikasema kwa sauti yake. Sitaki mtu atoke hapa akidhani ninapinga nafasi hizo.

Ila angalieni kilichojengwa pamoja nazo. Kituo kile cha Oxford kilikusanya hazina kubwa ya nyaraka ambazo hazikuwahi kuchapishwa: ripoti za mashirika, tathmini za kambi, taarifa za ziara. Kazi ya busara, maana bila mkusanyaji nyaraka za aina hiyo huliwa na mchwa au hutupwa mradi unapofungwa. Sehemu yake baadaye iliwekwa kwenye intaneti, na tunashukuru. Lakini matokeo yake ni kwamba kumbukumbu za kambi za Afrika ziko Uingereza kwa mpangilio mzuri, na katika halmashauri zilizobeba kambi hizo ni nadra kuzipata. Mwanafunzi wa Ngara aliyezaliwa mwaka ule ambao watu wapatao robo milioni walivuka Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, mwishoni mwa Aprili 1994, akitaka kusoma historia ya wilaya yake, ataambiwa aombe ufadhili kwanza.

Wengine husema tatizo ni kwamba Afrika haina taasisi. Si kweli. Chuo Kikuu cha Moi kilikuwa na kituo cha masomo ya wakimbizi, na mwaka 1996 mkutano wa kimataifa wa taaluma hii ulifanyika Eldoret. Mwaka 2011 ulifanyika Kampala. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kituo cha kutafiti uhamaji wa kulazimishwa, na Khoti Kamanga aliyekiongoza aliandika uchambuzi wa Sheria ya Wakimbizi ya 1998 ambao kila mwanafunzi wa sheria anayeingia uwanja huu anapaswa kuusoma. Mwaka 2008 kituo hicho, kwa kushirikiana na mashirika mawili ya kimataifa, kilitoa ripoti juu ya Warundi waliokuja mwaka 1972 na kuishi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakati serikali inawauliza wachague kurudi au kuwa raia. Karibu asilimia 80 walichagua uraia, na zaidi ya 160,000 walipewa. Utafiti huo ulifanywa wakati uamuzi ukiwa bado wa moto. Umbali wa mtafiti na jambo analolitafiti una maana.

Tena tuna historia nyingine ambayo hatuitumii tunapozungumza na wafadhili. Mwaka 1972 Amin alipowafukuza Waasia, kijana Mahmood Mamdani aliishia katika kambi ya mapokezi London, akaandika kitabu kuhusu hali ile mwaka 1973, na mwaka huohuo akaja kufundisha hapa Dar es Salaam hadi 1979. Dani Nabudere na Yash Tandon, nao wakiwa uhamishoni kutoka Uganda, walifundisha hapa. Ruth First, aliyesukumwa uhamishoni na siasa za makaburu wa Afrika Kusini, alifundisha hapa mwaka 1975. Ernest Wamba dia Wamba wa Kongo alikuwa mwalimu wa historia hapa katika miaka ya 1980. Wengi wao hawakupewa nafasi ya miezi sita yenye cheti. Walipewa ajira: darasa, ofisi, mshahara wa chuo, na haki ya kubishana. Mabishano ya baadhi yao na wenzao wa hapa, kina Issa Shivji, juu ya tabaka, dola na ubeberu yalikusanywa katika kitabu alichokihariri Tandon na kuchapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1982. Vitabu vyao viliandikwa na watu walioishi mtaa mmoja na wasomaji wao wa kwanza.

Lazima niongeze kitu hapa, kwa sababu si haki kuisifu enzi ile bila kuitazama vizuri. Wakati chuo hiki cha Mlimani kinawapokea wanazuoni, Warundi wa 1972 walikuwa wanafyeka misitu ya Tabora na Rukwa ili wapate pa kulima. Walijilisha na wakailisha mikoa jirani. Julius Nyerere alipewa Nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa ukarimu wa nchi hii, na aliistahili. Lakini mlango wa chuo ulifunguka kwa aliyefika na shahada yake mkononi. Aliyefika na jembe alibaki kuwa somo la wengine. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alifika Mishamo katikati ya miaka ya 1980, akawasikiliza wakisimulia historia yao kwa undani wa ajabu, na kitabu chake cha 1995 ni kati ya vitabu vikubwa kabisa vya taaluma hii. Ukikisoma unaona wazi kwamba Mishamo ilikuwa imejaa wanahistoria. Walichokosa ni karatasi na miezi ya kuandika.

Sasa tuje kwenye maswali yanayofadhiliwa, maana mwenye fedha huamua pia nini kiulizwe. Mwaka 2015, baada ya wakimbizi wengi wa Syria kufika Ulaya, viongozi wa Umoja wa Ulaya na wa Afrika walikutana Valletta mwezi Novemba, na ukazinduliwa mfuko wa dharura kwa Afrika wenye lengo la kushughulikia vyanzo vya uhamaji usio rasmi. Tangu hapo matangazo mengi ya utafiti yanauliza kwa namna moja au nyingine kwa nini Waafrika wanakwenda Ulaya. Hesabu za UNHCR za mwisho wa mwaka 2024 zinasema watu milioni 123.2 duniani walikuwa wamelazimika kuhama, na kati ya wakimbizi asilimia 67 waliishi katika nchi jirani na yao. Mkongomani wa Fizi hawazii Lampedusa. Anawazia Kigoma, Uvira, Nakivale, shule ya mtoto wake, na kama lile shamba alilolima likipakana na la mjomba bado lipo. Mtafiti kijana wa Bujumbura au Mwanza anayetaka kuandika juu ya shamba la mjomba anakuta hakuna tangazo linalolitaka. Basi analivisha shati la "uhamaji usio rasmi" ili lipite, na anapomaliza, shati limekuwa utafiti.

Oliver Bakewell, aliyefanya kazi kati ya Waangola waliokaa katika vijiji vya kaskazini-magharibi mwa Zambia, aliandika mwaka 2008 kutetea utafiti usioanzia kwenye makundi yaliyotungwa na watunga sera. Kule vijijini aliwakuta watu ambao vitabu vya mashirika viliwaita wakimbizi, huku majirani wakiwaita wanakijiji. Hapa kwetu Marc Sommers alifanya jambo la karibu na hilo. Kitabu chake cha 2001 kinahusu vijana wa Kirundi waliotoroka makazi ya wakimbizi wakaja Dar es Salaam katika miaka ya 1990, wakashona nguo vibandani mchana na kulala humohumo usiku, wakificha kila kitu ambacho kingewatambulisha. Hakuna takwimu iliyokuwa inawahesabu. Maswali kama haya huzaliwa pale mtu anapopewa muda bila kupewa jibu la kutafuta.

Na hata swali likiwa zuri, mtu anasafirije kwenda kulifanyia kazi? Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu wafadhili wengi hawajawahi kulitazama jambo hili hatua kwa hatua. Tuseme mkimbizi wa Kakuma amepata nafasi ya mtafiti mgeni. Hana pasipoti ya kwao, na kuiomba ubalozini ni kama kusema amerudi mikononi mwa serikali aliyoikimbia. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, Ibara ya 28, unazitaka nchi zimpe hati ya kusafiria. Anaiomba, na anasubiri. Ili aende Nairobi kufuatilia anahitaji kibali cha kutoka kambini. Hati ikitoka, kituo cha viza kinataka alama za vidole, barua ya chuo, taarifa ya benki ya miezi iliyopita, na uthibitisho kwamba atarudi. Taarifa ya benki ya mtu ambaye kambini analipwa posho ya kujitolea kwa kazi ambayo mwajiriwa wa kawaida angelipwa mshahara! Na uthibitisho wa kurudi unatakiwa kutoka kwa mtu aliyekosa mahali pa kurudi. Kiambatisho cha Mkataba, aya ya 13, kinaibana nchi iliyotoa hati imruhusu mwenye hati kurejea humo wakati wote hati ingali hai, kwa hiyo kisheria jibu lipo, lakini afisa wa dirishani mara nyingi halijui au haliamini. Wakati huo tarehe ya kuanza nafasi imepita. Chuo kinaandika barua ya masikitiko na kumpa aliyefuata kwenye orodha, ambaye ana pasipoti.

Kwa Mtanzania hali ni nafuu kidogo, ila naye ana vikwazo vyake upande wa pili. Akitaka kuingia kambi kama Nyarugusu anahitaji kibali cha utafiti cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na ruhusa ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Sipingi vibali, maana wakimbizi wana haki ya kulindwa dhidi ya wadadisi. Ninachosema ni kwamba mtafiti mgeni mwenye mradi mkubwa huwa na ofisi inayomfuatilia vibali, na mwanafunzi wetu wa uzamivu huwa na miguu yake tu.

Zipo juhudi zinazonipa matumaini, nami nitazitaja tatu bila kuzipamba. Huko Dadaab, kuanzia mwaka 2013, vyuo vya Kenyatta na Moi vya Kenya pamoja na York na British Columbia vya Kanada viliungana kupeleka masomo ya chuo kikuu kambini, na baadhi ya waliosoma pale wakaendelea hadi uzamili. Mtandao wa LERRN ulioanzia Chuo Kikuu cha Carleton mwaka 2018 unafanya kazi na watafiti wa Jordan, Kenya, Lebanon na Tanzania kwa nia ya kuuhamishia uongozi wa utafiti katika nchi zinazopokea. Na ndani ya kituo kile kile cha Oxford kumezaliwa kitengo kinachoongozwa na wakimbizi, chenye makao Nairobi pia, ambacho huwaandaa wakimbizi kuingia shahada za juu na kuwapa nafasi ya kuongoza tafiti wenyewe. Hicho cha tatu ndicho kinachonigusa zaidi, kwa kuwa kinamlipa mkimbizi kama mtafiti.

Matumaini yangu yana mpaka, hata hivyo. Ufadhili ulio juu ya mgongo wa serikali moja unaweza kuanguka kwa saini moja, kama tulivyoona mwaka 2025 Marekani ilipoivunja USAID na mikataba ikasitishwa katikati ya kazi. Mamdani, akiwa amerudi Makerere, alisema mwaka 2011 kwamba vyuo vyetu vimeliwa na utamaduni wa ushauri elekezi, ambapo mhadhiri anajibu maswali ya mteja na kuacha kutunga ya kwake. Alianzisha pale programu ya uzamivu yenye masomo ya miaka kadhaa, wanafunzi wakilipiwa wasome. Aliona kwamba ugonjwa uko kwenye muda, akaenda kutafuta fedha za kununua muda. Katika utafiti wa wakimbizi ugonjwa ni huohuo, tena umekomaa, maana mashirika ya misaada yanahitaji tathmini kila robo mwaka na yanalipa haraka.

Kwa wanafunzi walioshika kalamu tangu nianze, neno lenu ni hili. Ombeni nafasi hizi, za Oxford, za York, za Humboldt, popote. Andikeni swali ambalo mngelifuata hata bila tangazo, kisha tafuteni tangazo linalolikaribia, wala msianze na tangazo. Kabla ya kusaini, muulizeni mfadhili mambo ambayo hajazoea kuulizwa: Je, msaidizi wangu wa Kigoma anaweza kulipwa miezi ya kuandika, na jina lake likakaa juu ya makala pamoja na langu? Je, kuna fedha za kuandika matokeo kwa Kiswahili na kuyarudisha kwa waliohojiwa? Rekodi za sauti zitahifadhiwa wapi, na nani huku atakuwa na ufunguo? Je, nikishindwa kupata viza, nafasi yangu inaweza kufanyika hapahapa kwa posho ileile? Wengine watakataa. Wengine watashangaa kwamba hawakuwahi kulifikiria, na watabadilika. Naijua mifano ya namna zote mbili.

Kwa wenye vyeo mlioko mbele, ombi langu ni la mahali na la watu. Nafasi za utafiti wa wakimbizi wa magharibi mwa Tanzania zikae Kigoma. Mtafiti kutoka Bujumbura, wa kutoka Bukavu, wa kutoka Kasulu, na mmoja au wawili kutoka ndani ya kambi wenye kibali cha kudumu cha kutoka na kurudi, wakae mwaka mzima wakilipwa kusoma na kuandika, na profesa wa Oxford au Toronto akitaka kujiunga nao aombe nafasi, aje yeye. Nyaraka za kambi zilizotawanyika Uingereza na Geneva zinakiliwe na kuwekwa huko. Mahojiano yatunzwe kwa Kiswahili, Kibembe na Kirundi kama yalivyosemwa. Chuo Kikuu Huria kina kituo chake mkoani Kigoma tayari, kwa hiyo chumba cha kuanzia si lazima kijengwe. Kinachotakiwa kwa sasa ni barua ya wizara kuhusu vibali, barua ya chuo kuhusu meza na intaneti, na mfadhili mmoja aliye tayari kuandika katika bajeti, kwa mara ya kwanza, mstari wa miezi 12 ya kufikiri kwa mtu anayeishi Nyarugusu. Barua mbili za kwanza ziko mikononi mwa watu waliomo humu ukumbini, na niko tayari kukaa nao wiki hii kuziandika.